Mpira mrefu wa dakika za mwisho: waamuzi wasimame wapi

Dakika ya 90 imepita, ubao wa mwamuzi wa mezani umeonyesha dakika nne, na timu iliyo nyuma kwa goli moja imeacha kupigiana pasi. Beki wa kati aliye mrefu kuliko wenzake ametumwa mbele akacheze kama namba tisa. Kipa anautenga mpira wa adhabu kwenye nusu yake, anarudi hatua sita, na uwanja mzima unajua kinachofuata: mpira utapigwa juu, mbali, uangukie ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, mengine Mungu ajalie. Watu kumi wataruka. Mpira utaparazwa kwa kichwa, utambabatiza mtu, utadondoka, na ndani ya sekunde mbili tatu waamuzi watatakiwa kuamua kuotea, kusukumana, mkono, goli au si goli.

Hesabu ya kuanzia ni hii. Mpira uliopigwa mita 60 hukaa hewani kama sekunde tatu na nusu. Mwamuzi mwenye pumzi nzuri, akianza kutoka kusimama, atakuwa amekimbia mita 20 hivi kwa muda huo. Kwa hiyo aliyebaki karibu na mpigaji atauona mgongano wa kumi na nane akiwa umbali wa mita 40, kupitia migongo ya watu. Mpira mrefu haufukuzwi, unatanguliwa. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu sekunde kumi kabla ya pigo, kwa sababu huko ndiko uamuzi mzuri unakotengenezwa.

Chumbani, kabla ya mechi

Kikao cha waamuzi kabla ya mechi kitenge dakika mbili kwa jambo hili, na kila mtu aseme kwa mdomo wake atatazama nini. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: mwamuzi wa kati anatazama miili ya wanaoruka, msaidizi wa upande unaoshambuliwa anatazama mstari wa kuotea, yaani usawa wa mpinzani wa pili kutoka mwisho, na hauachi mpaka mpira uguswe, msaidizi wa upande wa pili anabaki na wachezaji walio nyuma, ambao kila mtu mwingine amewasahau, mwamuzi wa mezani anatazama mabenchi na saa. Wanne wote wakiufuata mpira hewani, ngumi itakayopigwa kwenye duara la kati haina shahidi.

Pale pasipo na vifaa vya mawasiliano vya masikioni, na viwanja vingi vya kwetu ndivyo vilivyo, kubalianeni pia juu ya alama. Goli likifungwa na msaidizi hana shaka, anakimbia kuelekea mstari wa kati. Akiwa na jambo, anasimama wima palepale bila kukimbia, na mwamuzi wa kati anamfuata kabla ya kuonyesha katikati. Alama ya pili inayosahaulika sana ni ya mguso. Msaidizi aliye mita 40 kutoka kwenye kundi hawezi kujua kila mara ni nani aliyeuparaza mpira kwa kichwa, mshambuliaji au beki. Mwamuzi wa kati anajua. Chagueni alama moja ndogo ya mkono inayomaanisha "mshambuliaji amegusa", la sivyo mtajikuta mna picha mbili tofauti za goli moja.

Kuusoma mpira kabla haujapigwa

Kuanzia dakika ya 80, timu ikiwa nyuma kwa goli moja, hesabu vichwa. Beki wa kati amepanda na hakurudi baada ya kona? Kiungo mfupi ametolewa, ameingia mshambuliaji mrefu? Kipa anausukuma mpira kwa mguu hadi nje ya eneo lake badala ya kumpa beki? Mabeki wa pembeni wameacha kuomba pasi? Mpira mrefu uko njiani.

Angalia pia unaanzishwaje, maana sheria ya kuotea inabadilika. Hakuna kuotea mpira unapopokelewa moja kwa moja kutoka kwenye goli kiki, mpira wa kurusha au kona. Ila kwenye mpira wa adhabu, na kwenye mpira ambao kipa ameupiga kutoka mikononi, kuotea kupo. Wasaidizi wengi chipukizi huchanganya mambo mawili ya kipa: akipiga goli kiki, mshambuliaji aliyesimama kati ya mabeki na goli hana kosa, akidaka na kupiga kwa mguu, mshambuliaji yuleyule mahali palepale ana kosa. Na kama kipa ameurusha kwa mkono, sheria za msimu wa 2025/26 zinataka kuotea kupimwe mpira unapoachia mkono, wakati kwa pigo la mguu au kichwa kinachopimwa ni mguso wa kwanza.

Mwamuzi wa kati

Chukua faulo iliyotokea kwenye nusu ya timu inayohitaji goli, mita 55 kutoka goli la wapinzani.

1. Onyesha mpira ulipo, hakikisha hakuna mpinzani aliye ndani ya mita 9.15, kisha ondoka. Umbali huo hauhitaji ukuta, usijitengenezee kazi ya kupima.

2. Kimbia kiubavu, uso ukigeukia mpigaji kila hatua mbili tatu. Kama umelazimika kusimamisha mchezo kwa sababu ya kadi, majeruhi au mabadiliko ya mchezaji, mpigaji anasubiri kipyenga chako. Basi fika kwanza, ndipo upulize. Waamuzi wengi hupuliza wakiwa wamesimama kando ya mpira kisha wanaanza kukimbia, na huo ni muda wao wenyewe wanautupa. Ila usisimamishe mchezo ili tu upate nafasi ya kukimbia. Timu iliyo nyuma ina haki ya kupiga haraka.

3. Simama mita tano hadi nane nje ya eneo la penalti, upande wa kushoto wa shambulio, kati ya kona ya eneo hilo na mita tano ndani yake kuelekea katikati. Ukiwa hapo, wanaoruka karibu na alama ya penalti wako mita 18 hadi 24 kutoka kwako, na msaidizi wako yuko ng'ambo ya kulia, mpira na wachezaji wakiwa katikati yenu.

Kwa nini usisimame katikati, mbele ya ule upinde wa kumi na nane? Sababu ni mbili, na zote nzito. Ya kwanza ni mpira wa pili. Kichwa cha beki kwa kawaida huutupa mpira mita 18 hadi 25 kutoka golini, pale pale ulipo wewe. Ukikugonga na ukaanzisha shambulio la hatari, ukabadilisha timu inayoumiliki au ukaingia golini, sheria tangu 2019 inakulazimisha kusimamisha na kudondosha mpira. Hebu fikiria unafanya hivyo kwenye dakika ya 94. Ya pili ni pembe. Kutoka katikati unaona migongo tu. Kutoka pembeni unaona nafasi kati ya mwili na mwili, na faulo zote za angani hutokea kwenye nafasi hiyo.

4. Macho yako yana safari tatu. Kwanza mguu wa mpigaji, hadi mpira uondoke. Pili, achana na mpira kabisa, shusha macho kwa wale jozi mbili tatu utakapoangukia; wao wanautazama mpira, kwa hiyo vichwa vyao vitakuonyesha ulipo. Tatu, mgongano wenyewe. Mwamuzi anayeinua kidevu kuufuata mpira hewani amepoteza sekunde tatu nzima ambazo jezi zinavutwa.

Kwenye mgongano, tazama viwiko na magoti. Mkono uliokunjwa ukiwa umegusa mgongo wa mwenzake haujafanya kosa bado. Kiwiko kikianza kunyooka, huko ni kusukuma. Goti likitangulia mgongoni mwa aliye mbele, anapanda ngazi. Halafu yupo anayeinama na kurudi kinyumenyume chini ya mtu aliye hewani bila kuruka wala kuutazama mpira: huyo anatengeneza daraja, mwenzake anapinduka juu yake na kuanguka kwa shingo. Kosa hapo ni la aliyeinama, ingawa aliyeanguka juu yake ndiye anayeonekana amemparamia. Uamuzi huu hukosewa mara nyingi sana, na mtu anaweza kuumia vibaya.

Kuvutana kabla ya pigo kuna sheria yake. Mpira usipokuwa mchezoni huwezi kutoa penalti. Simamisha, onya au toa kadi, kisha mpira upigwe. Mpira ukishapigwa, hata kama bado uko mita 40 angani, kuvutwa jezi ndani ya eneo ni penalti. Na kuvuta kulikoanzia nje kukaendelea hadi ndani ni penalti vilevile. Ndiyo maana onyo la mdomo, kwa sauti na kwa majina ya namba zao, lina thamani sana ukilitoa ukiwa unapita kuelekea sehemu yako.

Usipulize mpira ukiwa hewani kwa mguso ambao bado hujajua una uzito gani. Subiri nusu sekunde. Mara nyingi mshambuliaji ndiye aliyesukuma na kipa ameshadaka, mchezo unaendelea bila kelele ya mtu.

5. Mpira ukigongwa mara ya kwanza, piga hatua tatu nne kuelekea nafasi mpya ya kuona. Usigande. Mpira ukidondoka ndani, ingia hadi mstari wa kumi na nane. Ukitoka kuelekea katikati, rudi nyuma ukiwa unaelekea nje, uwaachie viungo njia.

Msaidizi kwenye mstari wa kuotea

Kazi yake ni usawa, na usawa unapimwa kwa sentimita. Tuseme mpinzani wa pili kutoka mwisho ni beki (wa mwisho ni kipa), naye yuko mita 20 kutoka kwenye mstari wa pembeni, na mshambuliaji yuko mbali zaidi, mita 30. Msaidizi amesogea mita moja tu mbele ya usawa, yaani karibu zaidi na goli. Kutoka hapo, mshambuliaji aliye nyuma ya beki, yaani mbali zaidi na goli, kwa nusu mita ataonekana wako sawa, na aliye nyuma kwa sentimita 30 ataonekana ameotea. Sasa mgeuze: mshambuliaji awe upande wa karibu, mita 10 kutoka mstari wa pembeni. Msaidizi yuleyule, kwa kosa lilelile la mita moja, atamwona sawa mtu aliyeotea kwa sentimita 40. Macho yake ni mazima. Miguu yake ndiyo imemdanganya. Kwa hiyo hadi sekunde ya pigo msaidizi anatembea kiubavu, uso ukielekea uwanjani, hatua fupi. Mbio za kunyoosha zinaanza mpira ukishaondoka.

Kosa jingine ni la masikio. Kwenye pasi za kawaida wasaidizi hutazama mstari na kusikiliza pigo. Kwa mpira unaopigwa mita 60 kutoka kwako, njia hiyo inakuharibia. Sauti inachukua karibu sekunde 0.18 kufika, na mshambuliaji anayekimbia mita saba kwa sekunde atakuwa amesogea zaidi ya mita moja. Beki naye anapanda kuelekea mbele. Ukisubiri sauti, utamnyanyulia kibendera mtu aliyekuwa sawa kabisa.

Badala yake, tazama mwendo wa mpigaji. Mguu wake wa kuegemea ukikanyaga kando ya mpira, rudisha macho kwenye mstari. Pigo linafuata ndani ya kufumba na kufumbua. Picha unayoipata hapo ndiyo ya kuweka kichwani: namba tisa ameotea, namba kumi na moja yuko sawa, namba nne yuko sawa. Itaje kimya kimya kwa namba. Kisha subiri. Kuwa mahali pa kuotea hakuna kosa. Kosa linakuja mchezaji akiucheza mpira au akimsumbua mpinzani, kwa mfano kwa kusimama mbele ya macho ya kipa au kugombea mpira na beki. Kibendera kinachonyanyuka mapema kwa sababu ya namba tisa, wakati namba kumi na moja ndiye aliyeufikia mpira, kimeua goli halali.

Mpira ukiparazwa na mshambuliaji, picha ya kwanza inafutika na picha mpya inapigwa palepale. Hapa kuna mtego wa kipa aliyetoka. Sheria inahesabu wapinzani wawili wa mwisho, haisemi kipa na beki. Kipa akitoka kupiga ngumi na kukosa, halafu beki mmoja amebaki kwenye mstari wa goli, mshambuliaji aliye kati ya kipa na beki yule ameotea, hata kama uwanja mzima unamwona beki mlangoni. Ilitokea Juni 11, 2010, Johannesburg, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia: Carlos Vela wa Mexico aliweka mpira wavuni, kipa Itumeleng Khune alikuwa ametoka, mchezaji mmoja tu wa Afrika Kusini alikuwa nyuma, na kibendera kikanyanyuka. Msaidizi alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu alikuwa amefuata mstari wa mtu wa pili, ambaye dakika ile alikuwa kipa.

Beki akigusa mpira, swali ni kama ameucheza kwa makusudi au umembabatiza. Mambo ya kupima: mpira umetoka mbali na ameuona vizuri? Ulikuwa na kasi ya kiasi? Alikuwa na muda wa kujipanga? Mwelekeo haukumshtukiza? Ukijibu ndiyo, ameucheza, na aliyekuwa ameotea anakuwa huru. Beki aliyejinyoosha hadi mwisho na mpira ukamgusa nywele hajaucheza, na kosa la kuotea linabaki. Kuokoa mpira unaoingia golini pia hakumwokoi mshambuliaji. Kumbuka Kazan, Juni 27, 2018: goli la Kim Young-gwon wa Korea Kusini dhidi ya Ujerumani, dakika za nyongeza, lilinyanyuliwa kibendera kwanza, likakubaliwa baada ya VAR, yaani waamuzi wa video, kuonyesha mpira ulitoka kwa Mjerumani, Toni Kroos. Pasipo na VAR, aliye karibu na mguso, yaani mwamuzi wa kati, ndiye mwenye jibu, na ile alama mliyokubaliana chumbani ndiyo inayolibeba.

Mpira ukiendelea kuelekea golini, msaidizi anakimbia nao hadi mstari wa goli. Ukivuka wote kisha ukarudishwa uwanjani, nyanyua kibendera kwanza ili mwamuzi akuone, halafu kimbia mita 25 hadi 30 kuelekea mstari wa kati. Kipa akiwa ameukalia mpira na huoni mwanya kati ya mpira na mstari, huna goli, hata jukwaa lipige kelele namna gani.

Kipa wa timu iliyo nyuma akipanda

Hapa ndipo timu nyingi za waamuzi hupotea, maana macho ya wote yanamfuata kipa kule mbele, na hatari halisi iko nyuma yake.

Msaidizi wa upande ulioachwa tupu ajiulize swali moja tangu kipa anapovuka mstari wa kati: nani sasa ni wa pili kutoka mwisho? Tuseme timu A imepanda yote, kipa pamoja nao, na imeacha beki mmoja karibu na duara la kati. Mpinzani wa pili kutoka mwisho yumo ndani ya nusu ya timu B. Basi mstari wa kuotea ni mstari wa kati wenyewe. Mshambuliaji wa B aliyesimama ndani ya nusu ya A, hata hatua moja, hata kama beki yule yuko mbele yake, ameotea mpira ukitolewa kwake. Aliye kwenye nusu yake mwenyewe yuko huru, na mstari wa kati unahesabiwa kuwa ni sehemu ya nusu yake. Msaidizi anasimama sawa na mstari wa kati na hasogei nyuma yake. Benchi la timu B litapiga kelele kwamba "beki yupo pale", nawe utaambiwa hujui sheria. Wapinzani wawili ndio kipimo, beki peke yake hatoshi.

Mshambuliaji akishaondoka na mpira, mpira wenyewe unakuwa mstari. Mwenzake anayekimbia pembeni akiwa mbele ya mpira ameotea pasi ikimfikia. Akiwa sawa nao au nyuma yake yuko halali. Wawili wakielekea goli tupu hufanya pasi hiyo mara nyingi kuliko unavyodhani, bila haja yoyote, na msaidizi aliyepumzisha macho kwa kuwa "goli limeshafungwa" anaikosa.

Mwamuzi wa kati hawezi kufika. Kutoka pembeni mwa kumi na nane ya timu B hadi goli la pili ni zaidi ya mita 80, na kukiri hilo mapema kunasaidia kugawana kazi. Msaidizi ndiye mwenye faulo ya kwenye mstari wa kati. Beki wa mwisho akimvuta mshambuliaji wa B mita 50 kutoka goli tupu, usimtetee kwa umbali. Pima umbali, mwelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na idadi ya mabeki na mahali walipo. Kipa akiwa hayupo, umbali unapoteza uzito mwingi, na mara nyingi hiyo ni nafasi ya wazi, kadi nyekundu.

Na pigo la mbali kuelekea nyavu tupu? Siku ileile ya Kazan, Manuel Neuer alipokuwa kwenye nusu ya Korea na akapokonywa, mpira mrefu ulipigwa kwenye uwanja mtupu na Son Heung-min akamalizia, dakika ya 90+6. Mpira wa namna hiyo ukipigwa moja kwa moja, msaidizi aanze mbio mguu unapogusa mpira, wala asisubiri kuona kama umelenga. Mpira unaoviringika mita 50 unachukua sekunde nne hadi tano, hutafika mstari wa goli, lakini kila mita unayoikata inapunguza pembe mbaya. Beki akiuondoa kwenye mstari na huna uhakika, mchezo uendelee.

Kona, kurusha na sekunde nane

Kwenye kona ya mwisho msaidizi anakaa nyuma ya kibendera cha kona, usawa wa mstari wa goli. Kuotea hakupo kwenye pigo lenyewe ila kunaanza kwenye mguso wa kwanza, kwa hiyo kona ikichezwa fupi anarudi kwenye mstari wake mara moja. Mwamuzi wa kati asiingie ndani ya kumi na nane zaidi ya hatua mbili tatu, kwa sababu kipa wa timu inayoshambulia akiwa ndani na kona ikapotea, njia ya kurudi lazima iwe wazi.

Mpira mrefu wa kurusha uchukulie kama kona, isipokuwa mwamuzi atazame miguu na mikono ya mrushaji kwanza: miguu yote miwili chini, mpira utoke nyuma ya kichwa juu yake.

Kuanzia msimu wa 2025/26, kipa akishika mpira zaidi ya sekunde nane wapinzani wanapata kona, na mwamuzi anahesabu sekunde tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Timu inayoongoza huchelewesha sana mwishoni, basi anza kuhesabu ukiwa tayari umesogea pembeni, unaona uso wa kipa na wenzake wanaomzunguka.

Kipyenga cha mwisho

Sheria inarefusha muda kwa jambo moja tu, penalti. Kona au mpira wa adhabu hauna haki hiyo. Dakika ulizotangaza unaweza kuziongeza, huwezi kuzipunguza. Ila mahali unapopuliza ni busara, na mfano wa kusikitisha ni wa Mar del Plata, Juni 3, 1978: Brazil na Uswidi zikiwa 1-1, mwamuzi Clive Thomas wa Wales aliruhusu kona ipigwe, akapuliza mpira ukiwa hewani, na Zico akaufunga kwa kichwa. Goli halikuhesabiwa. Muda ukiwa umekwisha, puliza kabla kona haijapigwa. Ukishairuhusu, acha shambulio liishe, mpira utolewe nje ya hatari, ndipo upulize mpira ukiwa kwa mtu asiye na nafasi ya kufunga.

Mwamuzi mmoja kwenye uwanja wa mtaani

Mechi nyingi za ndondo zina mwamuzi mmoja na washika vibendera wa timu zenyewe. Hao wape mpira uliotoka tu. Kuotea ni kwako, na hapo huwezi kupata kila kitu. Simama pembeni zaidi, mita 10 hivi kutoka mstari wa pembeni, sawa na mabeki, umsahau mpigaji. Utaona kuotea na kusukumana, utapoteza mguso mdogo wa upande wa mbali. Kwa maoni yetu hilo ni bora kuliko kukaa katikati ukapoteza vyote viwili. Kipa akipanda, rudi mita 15 kuelekea mstari wa kati kabla kona haijapigwa.

Mazoezi

Mnahitaji mipira mitano, koni sita, mpigaji mmoja na vijana wanne. Panga koni mbili mita 60 kutoka golini, hapo ndipo pa kupigia. Vijana wawili wawe mabeki, wawili washambuliaji, na kila pigo mshambuliaji mmoja aanze ama sentimita 30 mbele ama 30 nyuma ya beki, aambiwe kwa siri. Msaidizi ataje kwa sauti nani ameotea kabla mpira haujatua. Mtu wa sita apige video kwa simu akiwa kwenye usawa wa beki. Fanyeni mapigo 20, mengine kumi msaidizi akiwa amesogezwa mita moja nje ya usawa kwa makusudi, halafu linganisheni majibu na video. Mwamuzi wa kati naye aanze kila pigo akiwa karibu na koni za mpigaji, aondoke mpigaji anapoanza kurudi hatua zake, na arekodiwe amefika wapi mpira unapoguswa. Akikuta hajafika mita nane kutoka kumi na nane kwenye mapigo matatu mfululizo, amechelewa kuondoka, na pigo linalofuata aondoke mpira unapotengwa.